Dhoruba za Jua, Malori ya Tunduma na Roketi ya Ngomeni

Tunduma, jioni. Upande wa kuelekea kituo cha pamoja cha forodha malori yamepangana kichwa kwa mkia. Mengine yanapeleka mafuta Zambia na Kongo, mengine yamepakia mbolea, mengine yanarudi Dar es Salaam na shaba. Sogea hadi mlango wa nyuma wa kontena la mzigo upitao nchi, utakuta lakiri ya kielektroniki imefungwa kwenye komeo. Ni kiboksi kidogo tu, lakini ndani yake kuna kifaa kinachosikiliza satelaiti za GPS na kuwaarifu maofisa wa mapato kontena liko wapi, limesimama kwa muda gani, limepotoka njia au la. Ng'ambo ya barabara, juu ya paa la mama lishe, dishi la Azam limegeuzia uso magharibi, upande wa Zambia. Linaitazama satelaiti iliyoko juu ya ikweta, longitudo ya nyuzi 7 mashariki, usawa wa Ghuba ya Guinea, si mbali na kisiwa cha São Tomé.

Satelaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Ile ya dishi iko kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Za kwanza zinaishi kitovuni, na ya pili ukingoni, mwa mkanda mpana wa elektroni zinazokimbia kwa kasi iliyokaribia ile ya mwanga. Elektroni hizo zina uwezo wa kupenya bati la satelaiti, kujilimbikiza ndani ya vifaa vyake na kuviunguza. Jua ndilo linaloamua leo ziwe nyingi au chache. Historia ya namna binadamu walivyoutambua mkanda huo ina sura moja iliyoandikwa kwenye maji ya pwani ya Afrika Mashariki, na sura hiyo haisimuliwi inavyostahili.

Mkoa wa Songwe, ilipo Tunduma, una sifa yake katika mambo ya angani. Kule Ndolezi, wilayani Mbozi, kimelala kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, chuma kilichochanganyika na nikeli. Wenyeji walikuwa nacho tangu zamani, kabla mpimaji ardhi W. H. Nott hajakiandika kwenye ripoti mwaka 1930. Wanafunzi hupelekwa kukiona, hukigusa, hupiga picha juu yake. Elektroni za angani hazionekani wala hazishikiki, na huenda ndiyo sababu habari zake zimebaki vitabuni mwa wachache, ingawa biashara nzima ya mpakani inaendeshwa na mashine zinazoogelea ndani yake.

Dunia ni sumaku. Nguvu yake hutoka kwenye chuma kilichoyeyuka ndani ya kiini, ikatokeza nje ya ardhi na nje ya hewa tunayovuta, hadi makumi ya maelfu ya kilomita. Eneo lote linalotawaliwa na sumaku hiyo huitwa magnetosfia. Upande wa mchana, upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji zinazotoka juani bila kukoma, huiminya magnetosfia hadi ikaishia umbali wa kilomita 65,000 hivi. Upande wa usiku upepo huohuo huivuta ikawa mkia mrefu unaopita hata njia ya mwezi.

Elektroni ikinaswa humo ndani haina pa kwenda. Hupanda kaskazini na kurudi kusini, kwenda na kurudi kwa muda usiotimia sekunde moja, na wakati huohuo husogea kuelekea mashariki. Ikiwa ni katika zile zenye nishati kubwa, zinazozidi asilimia 90 ya kasi ya mwanga, huizunguka dunia nzima ndani ya dakika zisizofika 20, kisha huanza tena. Pasipo bughudha huweza kuendelea hivyo kwa siku nyingi, hata miezi.

Aliyezigundua kwanza ni James Van Allen, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani. Ndani ya Explorer 1, satelaiti ya kwanza ya taifa hilo, iliyorushwa usiku wa tarehe 31 Januari 1958, aliweka kipima mionzi cha Geiger. Kifaa kilifanya kazi vizuri satelaiti ilipokuwa chini, lakini kila ilipopanda juu kilinyamaza kabisa. Ilionekana kana kwamba huko juu hakuna kitu. Mwezi Machi ikafuata Explorer 3, ikiwa na kinasa cha kutunza vipimo vya mzunguko mzima, na hapo siri ikafichuka: kipimo kilinyamaza kwa sababu kilizidiwa. Mionzi ilikuwa mingi kupita uwezo wake wa kuhesabu. Tarehe 1 Mei 1958 Van Allen akautangazia ulimwengu kwamba dunia imezungukwa na chembe za mionzi. Wasovieti, chini ya Sergei Vernov, nao wakawa na vipimo vyao kutoka Sputnik 3, iliyorushwa mwezi huohuo, vilivyosaidia kuuweka wazi mkanda wa nje.

Kwa hiyo mikanda ikahesabiwa miwili. Wa ndani, ulio karibu nasi, umejaa protoni zenye nguvu, nao hautikisiki kirahisi. Wa nje ni wa elektroni, na kiini chake kiko kwenye kimo cha kilomita 20,000 na zaidi, palepale satelaiti za GPS zilipo. Huu ni kigeugeu. Kati ya mikanda hiyo kuna pengo ambalo kwa kawaida lina elektroni chache sana, na pengo hilo ndilo litakaloturudisha pwani yetu.

Kabla ya kufika huko, kuna jambo la mwaka 1962 lisilopaswa kusahauliwa. Tarehe 9 Julai mwaka huo Marekani ililipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya kisiwa cha Johnston, katika Bahari ya Pasifiki. Elektroni zilizozaliwa na mlipuko huo zikanaswa na sumaku ya dunia, zikafanya mkanda wa bandia. Satelaiti kadhaa zikaharibika, ikiwemo Ariel 1, ya kwanza ya Uingereza, na Telstar, iliyorushwa siku moja tu baada ya bomu ili kupeleka picha za televisheni kati ya Marekani na Ulaya. Mataifa makubwa yalijifunza kwa gharama kwamba elektroni za angani zinaua satelaiti. Yakaanza kuuliza kwa dhati: na jua lenyewe, likilipuka, linafanya nini huko juu?

Majukwaa mbele ya kijiji cha wavuvi

Mwaka huohuo wa 1962, Italia na Marekani zilikubaliana kushirikiana katika mradi ulioitwa San Marco. Aliyeubuni ni Luigi Broglio, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Roma na jenerali wa jeshi la anga la nchi yake. Broglio alitaka kurushia satelaiti kwenye ikweta, na macho yake yakatua kwenye pwani ya Kenya. Majukwaa ya chuma yalisimikwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nyuzi takriban 3 kusini ya ikweta. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia roketi, na la Santa Rita, lililowahi kuwa la wachimba mafuta, lilikuwa la kuongozea shughuli. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Scout, yenye hatua nne za mafuta makavu, ilipaa kutoka hapo na kuiweka San Marco 2 katika mzunguko wa ikweta. Kati ya mwaka huo na 1988, satelaiti 9 zilifika angani kutoka kwenye majukwaa hayo.

Inayokumbukwa na wengi ni Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, na jina la Kiswahili likapaa nayo. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani na kufungua ukurasa mpya katika elimu ya nyota. Kwa kazi hiyo ikweta ilikuwa mahali pa kujihifadhi, maana satelaiti inayozunguka chini juu ya ikweta huikwepa sehemu kubwa ya mionzi ya mikanda, na vipimo vyake havichafuliwi.

Lakini miezi 11 baadaye, tarehe 15 Novemba 1971, jukwaa lilelile lilirusha satelaiti iliyokwenda kuitafuta mionzi hiyohiyo. Iliitwa Explorer 45. Uzito wake ulikuwa kama kilo 50, chini ya gunia moja la mahindi la Mbozi, na safari hii sababu ya kuipenda ikweta ilikuwa tofauti. Kila elektroni iliyonaswa, hata ikipanda kaskazini na kusini kiasi gani, lazima ipite kwenye uwanda wa ikweta mara mbili katika kila safari ya kwenda na kurudi. Anayepima hapo anazikuta zote. Kwa hiyo Explorer 45 ilipewa njia ndefu iliyolalia ikweta: inashuka hadi kilomita 200 na ushee juu ya ardhi, kisha inapanda hadi kilomita 27,000, na kurudi, kila baada ya saa karibu nane. Katika kila mzunguko iliukata mkanda wa ndani, ikavuka pengo, ikaingia katika kiini cha mkanda wa nje, na kurudi kwa njia hiyohiyo. Kutoka Florida, kazi kama hiyo ingehitaji roketi kubwa na ya gharama zaidi ili kuipinda njia iende sambamba na ikweta. Kutoka Ngomeni, Scout ilitosha.

Timu yake iliongozwa na Robert Hoffman wa kituo cha Goddard cha NASA. Humo ndani waliweka vipimo vya protoni, vya elektroni, vya uga wa sumaku na vya mawimbi ya umeme, vyote pamoja, ili dhoruba ikija waione kwa macho yote kwa wakati mmoja. Hilo halikuwa jambo la kawaida wakati huo. Satelaiti nyingi zilizotangulia zilibeba kipimo kimoja au viwili, na watafiti wakabaki kubishana kipi kilisababisha kipi.

Huku kwetu, mwaka ule wa 1971, Wachina, Watanzania na Wazambia walikuwa wanaichonga Reli ya Uhuru kuelekea nyanda za juu. Reli ilifika Tunduma mwaka 1973, na Explorer 45 ilikuwa bado inafanya kazi. Ilizimwa Septemba 1974. Wajenzi wa reli wana makaburi yao ya heshima na majina yao yanatajwa kila maadhimisho. Wavuvi wa Ngomeni waliouona moto wa roketi usiku na mchana, na vibarua wa Malindi waliobeba na kuchomelea, hawakuandikwa popote ninapopajua, na satelaiti yenyewe haimo hata katika mazungumzo ya walimu wa fizikia wa ukanda huu. Ninaona hilo ni pengo kubwa katika historia yetu.

Agosti 1972

Explorer 45 ilikuwa na umri wa chini ya mwaka mmoja jua lilipochafuka. Mwanzoni mwa Agosti 1972 kundi kubwa la madoa meusi lilikuwa linakatiza uso wa jua, na tarehe 2 likaanza kulipuka mfululizo. Mlipuko uliotikisa zaidi ulitokea Ijumaa tarehe 4, yapata saa tatu na dakika 20 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

Mlipuko wa jua huleta vitu vitatu, na kila kimoja kina mwendo wake. Kwanza hufika mwanga wenyewe, pamoja na eksirei, baada ya dakika nane. Eksirei hizo huvuruga ionosfia, tabaka la juu la hewa linaloakisi redio za masafa mafupi, na mawimbi humezwa upande wote wa dunia ulio mchana. Tarehe 4 Agosti Afrika Mashariki ilikuwa mchana. Mwaka 1972 masafa mafupi yalikuwa ndiyo njia ya Radio Tanzania kufika vijijini na nchi za mbali, na ndiyo njia ya sauti za FRELIMO na ANC zilizorushwa kutoka Dar es Salaam.

Pili hufika protoni za kasi, baada ya dakika kadhaa hadi saa chache. Za Agosti 1972 ni miongoni mwa nyingi zaidi kuwahi kupimwa tangu zama za satelaiti zianze. Wanaanga wa Apollo 16 walikuwa wamesharejea kutoka mwezini Aprili, wa Apollo 17 waliondoka Desemba. Wangekuwa njiani wiki ile, wangepata mionzi ya kuwaumiza vibaya.

Tatu hufika wingu lenyewe la plazima, yaani gesi ya chembe zenye chaji, likiwa limebeba sumaku yake. Kwa kawaida huchukua siku moja hadi tatu. La tarehe 4 Agosti lilitumia saa 14 na dakika 36 hivi, na hadi leo hakuna jingine lililothibitishwa kwa vipimo kuwa lilikuja haraka kulishinda. Lilitufikia usiku wa siku hiyohiyo, karibu saa sita kamili kwa saa zetu. Njia ilikuwa imefagiliwa na mawingu ya siku mbili zilizotangulia. Magnetosfia upande wa mchana ikaminywa ikawa chini ya nusu ya upana wake wa kawaida. Katika bahari ya Vietnam ya Kaskazini, marubani wa Marekani waliokuwa angani waliona mabomu ya majini waliyoyatega yakilipuka yenyewe kwa makumi bila meli yoyote kupita. Mabomu hayo yalitengenezwa yahisi sumaku ya meli, na mtikisiko wa sumaku ya dunia ukayadanganya. Taarifa hizo zilifungiwa kwenye makabati ya jeshi. Zilichambuliwa kwa kina na kuchapishwa mwaka 2018 tu, na watafiti wakiongozwa na Delores Knipp.

Wakati yote hayo yanatokea, satelaiti ya Ngomeni ilikuwa ndani ya magnetosfia ikipima. Mwaka 1975 Hoffman na wenzake walichapisha walichokiona katika siku zile: protoni zilivyosukumwa ndani na kuunda mkondo wa umeme unaoizunguka dunia, ule unaopunguza nguvu ya sumaku yetu ardhini kila dhoruba inapokuja, na mawimbi yaliyovuma sambamba nazo.

Mchango wake mkubwa kuhusu elektroni ulitoka katika dhoruba tulivu zaidi, zikiwemo za Desemba 1971. Lawrence Lyons na Donald Williams walikaa na takwimu zake wakifuatilia elektroni zenye nishati ya elektronivolti elfu 35 hadi elfu 560, siku baada ya siku. Waliona dhoruba inapopiga, elektroni zinasukumwa ndani hadi pengo linajaa, na mikanda miwili inakuwa kama mmoja. Dhoruba ikipita, pengo linaanza kufunguka tena taratibu: kwanza zinapungua za nishati hii, kisha za nishati ile, hadi baada ya siku kadhaa mambo yanarejea yalivyokuwa. Mpangilio huo ulilingana na hesabu ambazo Lyons alikuwa amezifanya na Richard Thorne miaka michache nyuma. Hesabu hizo zilidai kwamba kuna mawimbi ya redio ya asili, yenye mvumo usiokoma, yanayoishi karibu na dunia, na kwamba mawimbi hayo huzipiga elektroni kidogo kidogo, yakazipotosha njia hadi zikadondokea kwenye hewa na kupotea. Ndiyo yanayochimba pengo. Nadharia ilikuwapo, lakini ilihitaji satelaiti iliyolalia ikweta kuithibitisha, nayo ilikuwa imetoka Ghuba ya Ungwana.

Zinajaa, zinakauka

Kwa miaka mingi baada ya hapo watu walidhani hesabu ni rahisi: jua likilipuka, elektroni zinaongezeka. Matukio ya miaka ya 1990 yalionekana kuunga mkono wazo hilo. Tarehe 24 Machi 1991 wimbi la mshtuko kutoka juani liligonga magnetosfia, na satelaiti iitwayo CRRES ikashuhudia mkanda mpya wa elektroni zenye nishati ya kutisha, zaidi ya elektronivolti milioni 13, ukizaliwa ndani ya dakika chache katikati ya pengo. Tarehe 20 Januari 1994, baada ya siku nyingi za elektroni kujazana, satelaiti mbili za Canada, Anik E1 na Anik E2, zilipoteza mwelekeo kwa kupishana saa chache, na televisheni na simu zikakatika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Hapo haukuwa hata mlipuko. Ulikuwa upepo wa jua uliopuliza kwa kasi kwa siku mfululizo. Mtambo hauungui siku elektroni zinapofika. Huungua zikishajilimbikiza ndani ya waya na bodi zake hadi cheche ikaruka.

Mwaka 2003 Geoffrey Reeves wa maabara ya Los Alamos na wenzake walikusanya dhoruba 276 za sumaku na kuuliza swali moja: baada ya kila dhoruba, elektroni za mkanda wa nje ziliongezeka au zilipungua? Karibu nusu ya dhoruba ziliziongeza. Moja katika kila tano ilizipunguza. Zilizobaki hazikubadili kitu cha maana. Ukubwa wa dhoruba haukusaidia kutabiri. Ndogo iliweza kujaza, kubwa ikaweza kufagia. Nauona utafiti huo ndio uliobadili fani hii kuliko mwingine wowote, kwa sababu uliwalazimisha watu waache kulitazama jua peke yake na waanze kutazama mashindano yanayoendelea ndani ya magnetosfia yenyewe.

Mashindano hayo yako hivi. Wingu la jua likigonga, mpaka wa magnetosfia unasogezwa ndani. Elektroni zilizokuwa zikizunguka kwa nje zinajikuta nje ya mpaka na kuchukuliwa na upepo wa jua. Nyingine hupigwa na mawimbi na kumwagwa hewani. Ndani ya saa chache mkanda unaweza kukauka. Kisha, katika siku zinazofuata, elektroni za nishati ndogo zinazoletwa kutoka upande wa mkia huamsha mawimbi mengine, yale ambayo yakigeuzwa kuwa sauti hulia kama ndege wa alfajiri. Mawimbi hayo huchukua elektroni chache na kuzikimbiza hadi zikafikia kasi ya kuogopwa. Mshindi kati ya kufagia na kukimbiza ndiye anayeamua satelaiti zitaamka na hali gani.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 2003 jua likatoa mfano wa kujaza. Milipuko ya mwisho wa mwezi ililifanya pengo lijae elektroni kwa wiki kadhaa, na katika kipindi hichohicho Japani ilipoteza satelaiti yake kubwa ya mazingira, Midori 2. Dhoruba hizo zilifika hadi ardhini, barani kwetu: transfoma kubwa za gridi ya Afrika Kusini ziliharibika kutokana na mikondo ya umeme iliyoingia kwenye nyaya ndefu kupitia ardhini sumaku ya dunia ilipotikisika. Hilo linaihusu Tunduma moja kwa moja. Mradi wa TAZA, wa njia ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, umekusudiwa kuiunganisha Tanzania na Zambia, na kupitia Zambia na gridi ya kusini. Tuko mbali na ncha za dunia, ambako mitikisiko ni mikali, lakini Afrika Kusini nayo iko mbali nazo.

Jibu la nini hasa kinachozikimbiza elektroni lilikuja na satelaiti pacha zilizopewa jina la Van Allen, zilizorushwa tarehe 30 Agosti 2012. Siku chache tu baada ya kuwashwa, vipimo vya Daniel Baker vilionyesha mikanda mitatu badala ya miwili. Ule wa tatu ulidumu kwa takriban wiki nne hadi wimbi la mshtuko kutoka juani lilipoufuta. Katika dhoruba ya tarehe 8 na 9 Oktoba mwaka huo, elektroni ziliongezeka karibu mara elfu moja ndani ya nusu siku, na palepale zilipoongezeka ndipo mawimbi ya alfajiri yalipokuwa yakivuma kwa nguvu. Aliyeongoza hesabu za kuoanisha mawimbi na elektroni, katika makala ya mwaka 2013, alikuwa Richard Thorne, yuleyule aliyefanya hesabu za pengo na Lyons kabla ya takwimu za Ngomeni kuja kuzithibitisha. Miaka 40 ilikuwa imepita.

Siku hizi hata satelaiti za GPS zenyewe hubeba vihesabio vya chembe, vilivyotengenezwa Los Alamos. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu takwimu zake za zaidi ya miaka 16 zitumike na mtafiti yeyote duniani. Mashine zinazoiongoza lakiri ya Tunduma zinahesabu pia elektroni zinazotishia kuziua.

Tarehe 10 na 11 Mei 2024 ikaja dhoruba kubwa kuliko zote katika miongo miwili. Anga ya Ulaya na Amerika ilijaa rangi. Kwetu hakukuwa na rangi. Tuko chini ya sehemu ya ionosfia ambayo dhoruba huivuruga kwa namna nyingine, ikweta ya sumaku ikiwa juu ya Ethiopia na mkusanyiko mzito wa elektroni za chini ukiwa kusini yake, juu ya nchi yetu. Elektroni hizo ni za nishati ndogo kabisa, mbali na zile za mikanda, lakini mawimbi ya GPS hulazimika kuzipenya, na dhoruba inapozivuruga, hasa baada ya magharibi, kifaa cha barabarani huweza kukosea mahali kilipo kwa mita kadhaa.

Jumapili tarehe 12 Mei intaneti ilikatika Tanzania, na wengi waliokuwa wamesikia habari za jua waliunganisha mambo hayo mawili. Chanzo kilikuwa nyaya za EASSy na Seacom zilizokatika chini ya bahari upande wa kusini. Ilikuwa sadfa tu, ingawa ni rahisi kuelewa kwa nini watu hawakuamini.

Athari yenyewe ya jua ilikuwa ikiendelea bila mtu kuiona. Chuo Kikuu cha Colorado kilikuwa na satelaiti ndogo, CIRBE, iliyozimika mwezi Aprili kwa hitilafu ikiwa angani. Juni ikaamka yenyewe na kuanza kutuma vipimo. Xinlin Li na wenzake walipovifungua walikuta mikanda miwili mipya ndani ya lile pengo ambalo Explorer 45 ililichora: mmoja wa elektroni za elektronivolti milioni 1.3 hadi milioni 5, mwingine uliochanganyika na protoni. Ule wa elektroni uliendelea kwa takriban miezi mitatu, hadi dhoruba nyingine za jua, za Juni na Agosti, zilipoupunguza. CIRBE iliungua hewani Oktoba 2024. Katika miezi hiyo mitatu, kila satelaiti iliyokuwa inapandishwa kutoka mzunguko wa chini kwenda kwenye kimo cha zile za madishi ililazimika kupita katikati ya mkanda huo, na zile zinazopandishwa kwa injini za umeme, ambazo hutumia wiki nyingi njiani, zilikaa ndani yake muda mrefu kuliko zote.